Mimba zabibu: Usivuke mpaka bila namba yako

KILA mfanyabiashara wa mpakani ninayemfahamu, awe anavuka Mugina kwenda Manyovu au Kobero kwenda Kabanga, ana daftari la madeni. Humo ameandika nani alichukua dumu la mawese bila kulipa na nani kabakiza shilingi elfu mbili za kitenge. Wifi yangu analo pia. Tofauti ni kwamba kurasa za mwisho za daftari lake hazina jina la mteja hata mmoja. Zina tarehe upande wa kushoto na namba upande wa kulia: 38,000; 9,200; 1,150; 130; 18.

Namba hizo si za fedha. Ni majibu ya damu yake. Nitaeleza zina maana gani, kwa sababu mimi mwenyewe, mwalimu wa sayansi, nilichelewa kuzielewa, na nusura uzembe wangu umgharimu mke wa kaka yangu maisha.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, eneo ambalo leo liko mkoani Katavi, Tanzania. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, nikajifunza ualimu, na mwaka 2009 nikarejea na familia yangu hadi Mabanda, kusini mwa Burundi. Kifaransa nimejifunza ukubwani. Wengi wa wanaosoma ukurasa huu wanajua maisha hayo: shule upande mmoja, shamba upande wa pili, na hospitali ni ile iliyo karibu siku ugonjwa unapokukuta.

Ilivyoanza

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Wifi alikuwa na miaka 31 na watoto wawili. Alikosa siku zake miezi miwili, akaanza kutapika kuliko alivyotapika katika mimba zote mbili za mwanzo. Tumbo likawa kubwa kama la miezi minne. Siku moja akiwa sokoni upande wa Tanzania, damu zikaanza kumtoka, wenzake wakampakia kwenye pikipiki hadi hospitali.

Kipimo cha ultrasaundi hakikuona mtoto. Kiliona mji wa mimba umejaa vilengelenge vidogo vya maji vilivyosongamana kama kichala cha zabibu. Ndiyo maana hali hiyo huitwa mimba zabibu. Akasafishwa kizazi, akalazwa siku mbili, akaruhusiwa. Wakati wa kuondoka muuguzi akamwambia: “Mama, kila wiki uje tuchukue damu, mpaka homoni ya mimba iishe.”

Alikwenda mara tatu. Namba ilikuwa inashuka: 86,000 siku aliyosafishwa, baadaye 4,100, kisha 610. Lakini kila safari ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, gharama ya kipimo, na siku nzima ya soko iliyopotea. Jioni moja akaniuliza: “Wifi, mimba imeshatoka. Sasa wanapima nini tena?”

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: “Pumzika. Kipimo cha mimba ni cha mwenye mimba.”

Hakurudi tena. Kosa hilo ni langu, na ndilo linalonifanya niandike.

Mistari miwili iliyotaka kuvunja nyumba

Baada ya kama miezi mitano akaanza kukohoa. Mwanzo kikavu, kisha kikaja na damu. Kituo cha afya kimoja cha upande wetu kilipima makohozi mara mbili na hakikukuta vijidudu vya kifua kikuu. Hata hivyo, picha ya kifua ilikuwa na madoa ya mviringo, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Mwezi ukapita, akazidi kukonda na kuhema.

Tukampeleka hospitali nyingine. Huko daktari kijana alimuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza hadi siku ile: “Mara ya mwisho ulibeba mimba lini, na iliishaje?” Wifi akaeleza habari ya zabibu. Daktari akaagiza kile kipimo cha mkojo cha kijiti kinachouzwa katika kila duka la dawa. Ikatokea mistari miwili.

Ndugu msomaji, mistari miwili maana yake ni mimba, au ndivyo tunavyofahamu sote. Kaka yangu alikuwa Rumonge kwenye mitumbwi ya uvuvi kwa miezi mitatu mfululizo. Mama yangu, aliyekaa pembeni ya kitanda, alinyamaza, kisha akavuta kitenge chake usoni. Wifi alinitazama mimi, si yeye, akasema: “Mwalimu, sijatembea na mtu.”

Daktari hakuanza kuhukumu. Alimpeleka kwenye ultrasaundi. Mji wa mimba ulikuwa mtupu, wala hapakuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Damu ikapimwa namba: 38,000. Madoa ya kifuani hayakuwa kifua kikuu. Zilikuwa chembe za ile mimba zabibu zilizobaki, zikakua, zikasafiri na damu hadi kwenye mapafu. Ilikuwa ni aina ya saratani, na ilikuwa inatangaza uwepo wake kwa sauti ileile inayotangaza mtoto.

Protini hiyo ni nini?

Jina lake kamili ni gonadotropini ya korioni ya binadamu. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa kifupi hCG, na herufi hizo ni zilezile ukiwa Bujumbura kwenye karatasi ya Kifaransa au ukiwa Kigoma kwenye karatasi ya Kiingereza. Kwa sisi tunaoishi kati ya lugha mbili, hilo ni jambo la kushukuru.

Ni protini yenye minyororo miwili iliyoshikana na kubeba sukari juu yake. Hutengenezwa na chembe za tabaka la nje la kondo la nyuma, kisha humwagwa katika damu ya mama. Kazi yake ya mwanzo ni kuuambia mwili wa mama kwamba mimba imetunga, ili hedhi isije ikaisukuma nje. Kutoka kwenye damu huingia kwenye mkojo, na ndipo kijiti kinapoikamata.

Mnyororo mmoja, alfa, unafanana na ule wa homoni nyingine kadhaa za mwili. Mnyororo wa pili, beta, ndio unaoitambulisha. Kwa sababu hiyo wakati mwingine utaona karatasi imeandikwa beta-hCG.

Sasa mimba zabibu inaingiaje hapa? Kwa kawaida mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba. Katika mimba zabibu kamili, yai la mama huwa halina vinasaba vyake, na vyote hutoka upande wa baba. Katika ile isiyo kamili, yai moja hurutubishwa na mbegu mbili. Matokeo yake ni kwamba kondo hukua ovyo bila mpangilio, na mtoto hakui, au hakuna kabisa. Kwa kuwa kondo ndilo linalotengeneza hCG, namba hupanda kuliko ya mimba ya kawaida, wakati mwingine kupita 100,000. Ndiyo sababu ya matapishi makali.

Nataka jambo hili lisikike vizuri majumbani. Hili si kosa la mke, wala si kosa la mume. Halitokani na uchawi wa mke mwenza wala na kula tunda fulani. Hutokea bila mtu kulitaka, katika nchi nyingi kwa kiasi cha mimba moja hadi tatu kati ya kila 1,000, na huwapata zaidi wasichana wadogo sana na wanawake waliopita miaka 40.

Wengi wakishasafishwa hupona moja kwa moja. Lakini kati ya wanawake 100 waliopata mimba zabibu kamili, kama 15 hadi 20 hubakiwa na chembe zinazoendelea kukua. Kwa ile isiyo kamili ni wachache zaidi, chini ya watano. Kwa macho huwezi kujua nani yumo katika hao. Tumbo linakuwa limeshuka, damu zimekata, mama anarudi sokoni. Kinachojua ni namba.

Panya, chura na watu wa uhamishoni

Nilipoanza kusoma habari hizi ili nijue tunapigana na nini, nilikuta kwamba waliofungua njia hii ni watu wa aina yetu.

Mwaka 1927 huko Berlin, madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waligundua kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito ukidungwa kwa panya wachanga wa kike, mayai ya panya hao hukomaa kabla ya wakati wake. Hicho ndicho kikawa kipimo cha kwanza cha mimba cha kuaminika. Haikuchukua muda kabla ya madaktari kuona kwamba wanawake wenye mimba zabibu, na wale wenye saratani inayotokana nayo, nao kipimo chao kilikuwa na nguvu sana. Mwaka 1933 Wanazi wakaingia madarakani. Zondek na Aschheim walikuwa Wayahudi, wakalazimika kukimbia. Zondek alipitia Sweden hadi Jerusalem, Aschheim akaishia Ufaransa.

Afrika nayo ina sehemu yake. Mwingereza Lancelot Hogben, alipokuwa akifundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, aliona kwamba chura mmoja wa Afrika Kusini hutaga mayai akidungwa homoni. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ikageuzwa kuwa kipimo cha mimba. Chura alidungwa mkojo, na kesho yake kama ametaga, mama ana mimba. Vyura hao walisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani, na waliendelea kutumika hadi miaka ya 1960.

Hadi hapo madaktari walikuwa na uwezo wa kuuona ugonjwa, lakini hawakuwa na cha kuutibu. Saratani ya kondo, ambayo wao huiita koriokasinoma, ikishafika kwenye mapafu, karibu kila mgonjwa alikufa ndani ya miezi michache.

Aliyefukuzwa kwa kufuata namba

Ndipo anapoingia Min Chiu Li, daktari kutoka China aliyefika Marekani mwaka 1947 kusoma na kubaki huko. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, akifanya kazi na Roy Hertz. Alianza kuwapa wanawake wenye saratani hiyo dawa iitwayo methotreksati, ambayo huzuia chembe kutumia asidi ya foliki, kitu ambacho chembe inayogawanyika haraka haiwezi kuishi bila hicho.

Madoa ya mapafuni yalifutika. Mwaka 1956 wakachapisha matokeo yao, na dunia ikashangaa, kwa sababu uvimbe wa saratani uliosambaa mwilini ulikuwa haujawahi kuponywa kwa dawa peke yake.

Lakini Li alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wake. Picha ikishakuwa safi, mgonjwa akishajisikia vizuri, yeye hakuacha. Aliangalia hCG. Kama bado ilikuwapo hata kidogo, aliendelea kutoa dawa, hadi isionekane kabisa. Wenzake waliona anawapa watu sumu ili kuridhisha namba. Mwaka 1957 akaondolewa kazini.

Muda ulipopita ikaonekana nani alikuwa sahihi. Wagonjwa walioachishwa dawa mapema, namba ikiwa bado haijaisha, ugonjwa uliwarudia. Wale aliowafuata hadi mwisho walipona. Mwaka 1972 Li na Hertz walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za tiba.

Mwaka huohuo wa 1972, Judith Vaitukaitis na Glenn Braunstein pamoja na wenzao, nao wa Marekani, walitoa kipimo kinachokamata ule mnyororo wa beta peke yake. Hapo ndipo namba ndogo zikaanza kusomeka bila kuchanganywa na homoni nyingine, na hapo ndipo njia ilipofunguka kuelekea kijiti cha duka la dawa. Walikuwa wanatafuta namna bora ya kuwafuatilia wagonjwa wa saratani. Kijiti kinachotumiwa na mabinti zetu leo kina ukoo na wodi hizo.

Jioni ya namba 18

Wifi alipelekwa hospitali ya rufaa upande wa Tanzania. Madaktari walijumlisha alama kwa utaratibu wa shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO: umri, muda uliopita tangu mimba, ukubwa wa namba, mahali ugonjwa ulipofika na mengineyo. Alama sifuri hadi sita ni hatari ndogo, saba na kuendelea ni hatari kubwa. Yeye aliangukia kwenye hatari ndogo. Tukaambiwa kwamba wa kundi hilo karibu wote hupona, na hata wa hatari kubwa, wanaopewa dawa kadhaa kwa pamoja, zaidi ya tisa kati ya kumi hupona pale tiba inapopatikana.

Dawa ilikuwa ileile ya Li, methotreksati, sindano siku moja na siku inayofuata kidonge cha kuukinga mwili, kwa siku nane, kisha mapumziko, kisha tena. Alipata vidonda mdomoni, akala uji kwa wiki nzima. Macho yalimuwasha. Lakini kikohozi kilianza kupungua baada ya duru ya kwanza, na namba zikaanza kushuka kama nilivyoziandika pale mwanzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuziandika nyuma ya daftari la madeni. Alisema ndilo daftari pekee ambalo hajawahi kulipoteza.

Ilipofika 18, alikuwa amenenepa. Alikuwa amelala usiku mzima bila kukohoa kwa wiki tatu. Ilikuwa msimu wa mawese na mzigo wake ulikuwa unamsubiri kwa watu. Jioni ile akasema: “Mimi nimepona, wifi. Kutoka elfu thelathini na nane hadi kumi na nane, hiyo si sifuri hiyo?”

Mara ya kwanza aliponiuliza swali la namna hiyo nilimjibu kwa kiburi. Safari hii nilimsomea habari za Li. Kisha nikamuuliza: “Mteja akikudai elfu thelathini na nane, ukamlipa zote ukabakiza kumi na nane, utafuta jina?” Alicheka. “Nitafuta. Lakini hili deni lina kuzaa.”

Alirudi. Duru iliyofuata namba ilishuka chini ya 5, kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa cha kawaida. Na hata hapo hawakuacha. Walimpa duru tatu zaidi, kwa sababu chembe zikiwa chache sana kipimo hakizioni, lakini bado zipo. Hivi ndivyo inavyofanywa leo duniani kote. Kile kilichomfukuzisha Li kazi ndicho kilichokuja kuwa utaratibu.

Ya kushika mkononi

Baada ya kupitia hayo, haya ndiyo ninayowaambia akina mama wa shuleni kwangu na wanaovuka nao mpaka.

Mama mjamzito anayetokwa na damu mapema, anayetapika kupita kiasi, au ambaye tumbo lake ni kubwa kuliko miezi yake, apigwe ultrasaundi. Asitegemee kijiti peke yake. Tena kuna jambo la ajabu: homoni ikizidi mno, kijiti huweza kuzidiwa na kuonyesha kwamba hakuna mimba. Maabara wakiambiwa, huuchanganya mkojo na maji na kupima upya.

Ukishasafishwa kwa ajili ya mimba zabibu, damu ipimwe hCG kwa namba, kila wiki au kila wiki mbili, hadi iwe ya kawaida mara kadhaa mfululizo. Baada ya hapo hupimwa kila mwezi, na kwa mimba zabibu kamili hufuatiliwa kama miezi sita. Namba inatakiwa kushuka tu. Ikisimama mahali pamoja wiki tatu, au ikianza kupanda, ni dalili ya kurudi hospitali bila kusubiri kikohozi.

Katika muda huo tumia uzazi wa mpango. Mimba mpya huleta hCG yake, na daktari hataweza kujua namba inatoka wapi. Vidonge vinafaa. Kitanzi husubiri hadi namba irudi kuwa ya kawaida. Mume naye aelezwe, maana muda huo unamhusu.

Mahali pasipo na kipimo cha namba, kijiti cha mkojo ni bora kuliko kukaa bure. Lakini kijiti cha kawaida huanza kuona kama kwenye kiwango cha 25. Wifi yangu akiwa na 18 angeonyesha mstari mmoja na tungemwambia amepona.

Mwanamke aliyejifungua, aliyeharibikiwa na mimba au aliyepata mimba zabibu, kisha akatokwa na damu zisizokata, akakohoa damu, akakosa pumzi au akaumwa kichwa kisicho cha kawaida, aombe kipimo cha mimba. Aombe hata kama amefunga kizazi, hata kama mume hayupo. Saratani hii huweza kutokea hata baada ya uzazi wa kawaida kabisa, ingawa ni mara chache sana. Kijiti ni cha bei ya chini kuliko mwezi mmoja wa dawa zisizo zake. Na majibu yakiwa mistari miwili, ndugu wasikimbilie kuhukumu kabla ya ultrasaundi.

Aidha, wanaume wasidhani habari hii imewapita. Baadhi ya saratani za korodani nazo humwaga hCG, na madaktari huitumia pamoja na vipimo vingine kumfuatilia mgonjwa. Uvimbe mgumu kwenye korodani, hata kama hauumi, ni wa kuonyesha kwa daktari.

Hata hivyo, msiuziwe vipimo ovyo. Kumekuwa na watu masokoni wanaotangaza kipimo kimoja cha damu cha kugundua saratani zote. Viashiria vingi vya saratani haviko hivyo. PSA, kwa mfano, ambayo hupimwa kwa wanaume kwa ajili ya tezi dume, hupanda pia tezi ikiwa imevimba kwa uzee tu au ikiwa na maambukizi. Na hata hCG mara chache hudanganya: kuna watu ambao damu yao ina kinga zinazokichanganya kipimo, kikaonyesha namba ilhali haipo. Daktari akitilia shaka hupima na mkojo, maana kinga hizo haziingii humo. Namba huwa na maana ikisomwa na mtu anayejua historia yako.

Kuhusu mahali pa kwenda, Tanzania ina Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na idara ya saratani Bugando, Mwanza. Rwanda ina kituo cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012. Uganda ina taasisi yake ya saratani pale Mulago, Kampala, tangu mwaka 1967. Muulize daktari wako akuandikie barua ya rufaa, na barua hiyo uipige picha kwa simu.

Daftari

La mwisho ni letu sisi wa mpakani hasa. Hospitali ya upande mmoja haijui kilichoandikwa upande wa pili. Faili halivuki. Anayevuka ni wewe. Kwa hiyo andika mwenyewe: tarehe, jina la maabara, namba, na kizio kilichoandikwa mbele ya namba. Ikiwezekana pima maabara ileile, kwa sababu mashine tofauti huweza kutoa namba zinazopishana kidogo, ukadhani imepanda kumbe ni mashine. Karatasi ya siku uliyosafishwa itunze kama unavyotunza kitambulisho. Na kila mimba itakayofuata, mwambie mkunga mapema kwamba uliwahi kupata zabibu, upigwe ultrasaundi ya awali. Uwezekano wa kurudia ni kama mmoja kati ya 100, maana yake wengi huzaa salama.

Wifi alimaliza dawa mwanzoni mwa mwaka 2024. Aliambiwa asibebe mimba kwa mwaka mzima, akatimiza. Alipima kila mwezi, na kila mara aliandika.

Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda chake kununua chumvi. Mteja mmoja alikuwa anambishia deni, akafungua daftari kumwonyesha, likafunguka nyuma badala ya mbele. Yule mama akaziona tarehe na namba zimepangwa chini kwa chini, za mwisho zote zikiwa chini ya 5, akauliza huyu ni nani aliyekuwa anadaiwa elfu thelathini na nane.

“Mimi,” wifi akamjibu. “Nimelipa. Sasa tuone lako.”